Kwa Nini Sikio Huvuma Penye Kimya

Mlio ulianza siku ya nne baada ya mwezi kuandama, saa tano asubuhi, kivuli cha nguzo ya kiwanda cha wahunzi kikiwa kimebaki na urefu wa hatua moja. Kabla ya saa hiyo, hakuna mtu aliyewahi kusikia kitu kisichotoka nje ya kichwa chake.

Zama hizo sauti zilikuwa na kwao. Kila sauti ilipomaliza kazi yake ilirudi katika shimo la kilima cha Ngughu, ikalala. Wahunzi wa kilima hicho walilijua jambo hilo, ndiyo maana walikuwa na desturi: walipokwisha kufua jembe la kumi, waliweka nyundo chini mpaka chuma kipoe kabisa, ili sauti zilizotoka zipate muda wa kufika.

Nakijwa hakufua. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kila jembe lililokamilika lilining'inizwa kwa kamba mbele ya kigoda chake, naye aliligonga mara moja kwa nyundo ndogo. Jembe zima hulia kwa muda mrefu. Lenye ufa hukatisha. Akisema, "Zima," jembe lilikwenda shambani, na hakuna siku hata moja neno lake lilikuwa limerudishwa.

Mwaka huo mawingu yaliwahi. Kaka yake, Mrutu, aliyekuwa mkuu wa kiwanda, aliamua nyundo zisipumzike.

"Sauti zitajijua zenyewe," alisema. "Watu wanataka majembe, hawajaagiza kimya."

Walifua siku nne mfululizo. Njia ya kwenda shimoni ikajaa, sauti za mbele zikasimama, za nyuma zikageuka. Ziliingia katika tundu lililokuwa karibu zaidi, yaani masikio ya Nakijwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeketi mbele ya majembe. Alisikia mlio mwembamba kama wa nyenje, usiopumua.

Hapo alifanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya. Aligonga jembe, jembe likakatisha, yeye akaendelea kusikia mlio. Akasema, "Zima." Alisema hivyo kwa majembe yote kumi na nane yaliyofuata.

Siku ya kwanza ya kupanda, jembe la mjane mmoja, Mama Kinyashi, lilivunjika na kipande kikamchana mguu. Alikuja kiwandani akichechemea, akakitupa kipande kile mbele ya kigoda.

"Hili ndilo zima lako, Nakijwa? Basi na mguu wangu huu ni mzima!"

Watu walicheka. Mrutu hakucheka. "Likivunjika la pili," alimwambia dada yake mbele ya wote, "kigoda hiki atakikalia mwingine."

Nakijwa alikwenda kutafuta kimya. Alikaa pangoni siku tatu, na mlio ukakua, kwa sababu humo ndani haukuwa na mwenzake. Ndipo akaenda kwa Bibi Nangasu, aliyetibu masikio.

Bibi hakuharakisha dawa. Alimketisha juani, akachungulia sikio moja, kisha la pili, akatoa nta iliyokuwa imeganda upande wa kushoto. Mlio ulibaki.

"Unalia sikio moja au yote mawili?"

"Yote mawili, bibi."

"Unakwenda na mapigo ya moyo?"

"Hapana. Haukatiki."

"Ulianza lini?"

Nakijwa akamtajia siku, saa, na urefu wa kivuli.

"Ewe mjukuu wangu, mimi hata siku niliyoolewa siikumbuki hivyo." Kisha Bibi akarudi nyuma hatua kwa hatua, akisugua majani makavu viganjani, mpaka Nakijwa akasema hayasikii tena. Zilikuwa hatua kumi na mbili. Mwenye masikio mazima angefika ishirini.

"Mlio huu utaondoka, bibi?"

"Sijui. Hizo ni sauti zilizopotea njia. Ukizisikiliza kila saa, zitadhani zimefika kwao. Usizitafutie kimya, zitafutie wenzao: maji yanayotiririka, majani, watu wanaoongea. Zitakuwepo, ila hutakuwa ukizihudumia." Akampa nta ya nyuki iliyokandwa na pamba. "Na hii ni ya kuziba masikio kabla ya nyundo, si baada."

"Na majembe, bibi? Nitayajuaje?"

Bibi alichukua kipande cha chuma, akaweka kiganja cha Nakijwa juu yake, akakigonga kwa jiwe. Chuma kilitetemeka.

"Mlio wa chuma una mwili. Wako hauna."

Na tangu siku hiyo wahunzi wa Ngughu hujenga viwanda kando ya kijito, huziba masikio kwa nta, na baada ya jembe la kumi huweka nyundo chini. Tangu siku hiyo pia, mtu aliyekaa sana penye kishindo, akiingia penye kimya, huzisikia sauti zilizokosa njia. Wengine huzisikia siku moja, wengine maisha yao yote.

Nakijwa alikuwa wa hao wa mwisho. Kesho yake asubuhi baada ya kutoka kwa Bibi, mlio ukiwa palepale, alichukua nyundo yake ndogo, akavuka kijito, akabisha hodi katika nyumba ya kwanza kati ya kumi na nane zilizobaki na majembe yale.

"Niletee jembe lako," alimwambia mwenye nyumba. "Nililipitisha kabla sijajua ni nani aliyekuwa akilia, chuma au sikio langu."

Akaweka kiganja juu ya chuma, akagonga, akangoja.