Mazishi ya Kapteni Umande

Paukwa!
— Pakawa!
Ukungu!
— Wa asubuhi!
Mbatata!
— Ya moto!
Na rungu?
— La askari!

Ahaa, kumbe mko macho. Basi sogeeni, na wewe uliye nyuma acha kumtekenya mwenzio. Leo nawapeleka mbali, Ayalandi, kisiwa cha mvua, zama za babu wa babu zetu. Msiniulize nilifikaje. Nilijilaza mkekani baada ya chakula cha mchana, nikasinzia, nikajikuta huko, miguu imelowa.

Mvua ya huko haipigi kelele. Inaning'inia tu hewani, laini, na ukiitazama sana unasinzia tena ndani ya usingizi wako. Vilima ni kijani kitupu, kila kimoja kimejifunika ukungu kama mtoto aliyejifunika khanga. Njia hazinyooki. Unaweza kutembea asubuhi nzima ukajikuta pale pale ulipoanzia, wala usione ajabu.

Basi huko paliondokea Fahali mmoja, jina lake Bwana Nundu. Alikuwa na kilima kimoja, akataka cha pili. Akapata cha pili, akataka cha tatu. Na kila alipopata kilima, akajenga ukuta wa mawe kukizunguka, akakaa ndani anakula nyasi peke yake, gwafu, gwafu, gwafu, huku wenzake wakimchungulia kwenye matundu ya mawe na njaa zao.

Lakini kila kulipokucha, ukuta uko chini. Poromoko! Mawe huku, mawe kule. Na langoni pamebandikwa karatasi, imeandikwa kwa herufi zilizopinda: "Ukijenga, nitabomoa. Ni mimi, Kapteni Umande."

Kapteni Umande ni nani? Ukimwuliza Sungura, hajui. Ukimwuliza Mbuzi, hajui. Ukimwuliza Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mgongoni, naye hajui, ila ana wino puani.

Bwana Nundu akaleta askari. Mabata bukini kumi na wawili, makoti ya kijani, vifungo vya shaba, shingo juu! Mkubwa wao aliitwa Sajini Domo. Wakaingia kila kibanda kumsaka Kapteni, kwa-kwa-kwa, tapa-tapa-tapa. Wakatazama chini ya vitanda. Wakatazama ndani ya vyungu. Chungu kikiwa na mbatata, walizitazama mpaka zikaisha. Kapteni hawakumwona.

Bwana Nundu akapandwa na hasira. Akasema, "Mtu mmoja lazima aumie. Kibanda kilicho karibu na ukuta wangu ni cha nani?"

"Cha Bi Sufu, Bwana Mkubwa," akajibu Sajini.

"Kibomoeni. Nyasi zangu zifike mpaka mtoni."

Bi Sufu alikuwa kondoo mpole, ana watoto wawili wadogo, na mumewe alivuka bahari kutafuta kazi, barua moja ikaja, ya pili haikuja. Sajini Domo akaenda kwake akavua kofia.

"Bi Sufu, uniwie radhi. Kesho asubuhi tunakuja kubomoa. Ni amri."

"Na wanangu watalala wapi, Afande?"

Sajini akaitazama ile amri mbele, akaigeuza nyuma. "Haikusema," akajibu.

Bi Sufu akakimbia kwa Kalunguyeye, machozi yanamtoka. Nami niliyekuwa nimesimama pale ndotoni nikaumia moyo, nikataka kumpa hata khanga yangu, lakini ndotoni mikono haifiki.

"Umebakiwa na nini?" akauliza Kalunguyeye.

"Debe moja la mbatata za mbegu. Nazo wakiziona watazitazama."

"Zitie kwenye sanduku refu, upigilie misumari. Vaa nguo nyeusi. Tumefiwa."

"Yallah! Kafa nani?"

"Bado sijaamua," akasema Kalunguyeye, akapangusa pua.

Sasa tegeni masikio, msije mkaniambia sikusema. Kisiwa kile kilikuwa na ada mbili za msiba, na hakuna aliyezivunja, tajiri wala fukara. Ya kwanza: ukikutana na jeneza njiani, unaacha safari yako, unageuka, unalisindikiza mpaka njia panda. Kwetu tunatia bega hatua chache. Wao wanageuka kabisa. Ya pili: anayetia udongo wa kwanza kaburini ameitoa ardhi ile. Haijengwi ukuta, haipitishwi jembe, na nyumba iliyo kando yake haiguswi, kwa kuwa ni ya mlinzi wa kaburi. Hata Bwana Nundu mama yake alimfunza hayo tangu ndama.

Kalunguyeye akamwambia Bi Sufu, "Askari hawana ardhi ya kutoa. Mimi namtaka Nundu mwenyewe, aje kwa kwato zake nne."

Asubuhi askari wakatoka. Wamebeba gogo refu la kubomolea, kwa-kwa-kwa, tapa-tapa-tapa. Ukungu umeshuka mpaka magotini. Mara wakasikia wimbo, unakuja polepole kutoka kusikojulikana:

*Nenda taratibu, ee uliyelala,*
*njia ni ndefu, na umande tele.*

Ukungu ukafunguka. Sungura wanne wamebeba jeneza, Kalunguyeye mbele kainamisha kichwa, Bi Sufu nyuma analia na wanawe. Na kilio chake hakikuwa cha uongo. Mle ndani mlikuwa na chakula chake cha mwaka ujao, na huko nyuma kulikuwa na nyumba yake.

Sajini Domo akavua kofia. "Geuka!" akaamrisha. Wakageuka, wakasindikiza mpaka njia panda. Wakatoa pole, wakaanza upya safari yao.

Kalunguyeye akazunguka kilima.

Kwa-kwa-kwa, tapa-tapa-tapa. Wimbo huo tena:

*Nenda taratibu, ee uliyelala,*
*njia ni ndefu, na umande tele.*

"Msiba mwingine?" akauliza Sajini.

"Mwaka mbaya, Afande," akasema Kalunguyeye.

"Geuka!" Wakageuka. Wakasindikiza mpaka njia panda. Wakatoa pole.

Kalunguyeye akazunguka kilima.

Mara ya tatu Sajini hakuuliza kitu. Mara ya nne askari waligeuka kabla ya kuamrishwa. Mara ya tano walikuwa wameshaujua wimbo, wakauimba kwa sauti mbili. Wanatembea macho nusu, wanapepesuka, wengine wanaota, na hapo sijui kama walikuwa wanaota wao au naota mimi. Bata mmoja kijana analia kwa kwikwi.

"Ulimjua marehemu?" akanong'ona mwenzake.

"Sikumjua. Lakini nimemzoea."

Kalunguyeye akamsogelea Sajini. "Afande, sungura wangu wamechoka, mabega yamechubuka. Lile gogo lenu lingetufaa sana."

Sajini akafikiri. Amri haikukataza. Basi wakalitundika jeneza kwenye gogo la kubomolea, askari sita mbele, askari sita nyuma, na msafara ukaenda vizuri kuliko hata mwanzo.

Huku nyuma Bwana Nundu anangoja kusikia kishindo cha kibanda. Anangoja, anangoja, kimya. Mchana ukafika, akaenda mwenyewe, du, du, du. Akakikuta kibanda cha Bi Sufu kimesimama, moshi mwembamba unatoka paani. Akasimama uani, puani fuuu, fuuu! Ndipo ukungu ukafunguka, akawaona askari wake wenyewe wanamletea jeneza huku wanaimba.

"Nimewatuma kubomoa, ninyi mnazika?" akanguruma. "Nani kafa? Wekeni chini! Fungueni hilo sanduku!"

Wimbo ukakatika. Bi Sufu akawavuta wanawe kifuani. Likifunguliwa, mbatata zitaonekana, na Kalunguyeye atafungwa, na mbegu zitaliwa, na nyumba itaanguka. Nami nilishika ukingo wa mkeka wangu kwa nguvu.

Kalunguyeye akajikokota taratibu mpaka miguuni pa Fahali. Akanong'ona, "Usisogee, Bwana Mkubwa. Ni Kapteni Umande."

"Nani?"

"Yeye mwenyewe. Kafa kwa maradhi ya pembe. Zinaanza kuwasha, kisha zinadondoka, kisha mwenyewe anafuata. Yanaambukiza kwa kutazama."

Bwana Nundu akarudi nyuma hatua tatu. Pembe zikaanza kumwasha pale pale. "Una hakika amekufa?"

"Hajasema neno tangu asubuhi."

"Mnampeleka wapi?"

"Kwao, ng'ambo ya mto. Ila njia ni ndefu, Bwana, na misumari yenyewe ni ya kuazima. Akizinduka njiani, mimi simo."

"Asizinduke! Mzikeni sasa hivi! Mzikeni hapa!"

"Hapa?" Kalunguyeye akashika kichwa. "Uani kwa Bi Sufu? Hapana, Bwana Mkubwa, usimfanyie hivyo mama wa watu. Bora tusogee mbele kidogo, hata njiani..."

"Hapa nimesema! Mimi siambiwi pa kuzika! Chimbeni! Na udongo wa kwanza natia mimi, nione kwa macho yangu anafunikwa."

Askari wakachimba. Jeneza likashuka. Bwana Nundu akageuza mgongo, akarusha udongo kwa kwato za nyuma, puu! Puu tena! Akapanda juu akakanyaga, du, du, du, huku anacheka mpaka nundu inatikisika.

"Vizuri," akasema. "Sasa, Sajini, bomoa hicho kibanda."

Sajini Domo akatazama kibanda. Akatazama kaburi. Akavua kofia.

"Siwezi, Bwana Mkubwa. Hiyo ni nyumba ya mlinzi wa kaburi. Udongo wa kwanza umetia wewe, na sisi askari kumi na wawili tumekuona."

Bwana Nundu akazitazama kwato zake za nyuma, bado zina udongo. Bi Sufu akakaa kizingitini, akawaita wanawe, na wale wadogo wakalala mapajani pake hapo hapo, maana walikuwa wametembea sana.

"Si kitu," akasema Fahali baadaye akijipoza. "Kapteni si kafa? Askari wa nini tena?" Akawarudisha mabata bukini kwao siku ile ile, asiendelee kuwalisha. Wakaondoka taratibu katika ukungu, na kwa mbali bado unasikia wanaimba.

Kulipokucha ukuta uko chini. Poromoko! Langoni karatasi: "Asante kwa mazishi. Yalikuwa ya heshima. Ni mimi, Kapteni Umande."

Fahali akakimbilia kaburini, akataka kufukua. Pembe zikamwasha. Akarudi kwake.

Mvua ikaendelea kuning'inia. Siku zikapita, au labda niligeuka tu ubavu wa pili. Siku moja kaburi likachipua majani, kisha maua meupe, na majirani wakapita wakivua kofia. Bi Sufu akachimba kwa adabu zote. Wakaketi uani, yeye na wanawe, na sungura wanne, na Kalunguyeye. Wakampika Kapteni na maganda yake, wakamtia chumvi, wakamgawana. Nami nikanyoosha mkono, na safari hii ukafika, ila mbatata ilikuwa ya moto mno, nikazinduka.

Sasa mafunzo, maana nikiwaacha bila mafunzo mama zenu watanilaumu. Hadithi hii inatufundisha kuwatii askari, kuwaheshimu matajiri, na kutosema uongo hata kidogo, kwa sababu mwongo hafiki popote. Kalunguyeye alisema uongo, na kweli hakufika popote. Alizunguka kilima kile kile kutwa nzima.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Iliyo tamu kaleni nyumbani, iliyo chungu niachieni mimi.

Ukungu?
— Umekwenda!
Na Kapteni?
— Kalala!

Vidole juu nivione. Mbona wewe una wino?