Kitanda cha Mfenesi Mbichi

Wazee wetu wamepokea kwa wazee wao, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Waislamu wa zamani aliishi mja mwema akiitwa Bwana Shali, mkamuaji wa mafuta ya ufuta. Riziki yake ilikuwa kinuni, lakini roho yake ilikuwa kwenye mbao. Akishasali alasiri huketi uani na randa na patasi, akachonga kigoda, akachonga marfaa ya kuwekea msahafu, akampa jirani wala asingoje shukrani. Hakuwa seremala. Alipenda tu, kama mwingine apendavyo kufuga njiwa.

Na katika kuchagua mbao alikuwa mgumu, tena mgumu kwelikweli. Akisema, "Mti ukatwe mwezi ukiwa gizani, kisha ulazwe kivulini mpaka usahau kwamba ulikuwa mti. Ukiuharakisha, utakuaibisha." Watu wakimtania, "Bwana Shali, mbao unazisubiri kuliko mchumba!" Naye akicheka nao, kwa kuwa siku hizo alikuwa na la kumchekesha.

Kisha mkewe, Bi Shumbana, akashikwa na kifua. Wawili hao hawakujaaliwa mtoto. Mle nyumbani kila mmoja wao hakuwa na mtu ila mwenzake. Bi Shumbana alianza kwa kukohoa, akaja akakohoa damu, akakonda mpaka bangili zikawa hazikai mkononi. Na kama kwamba hayo hayatoshi, kitanda chao cha zamani kilikuwa kimeliwa na bungua ndani kwa ndani, kikavunjika naye akiwa juu yake. Bwana Shali akazunguka mtaa mzima akiomba kitanda cha kuazima. Kila nyumba ilimpa pole, na hakuna hata moja iliyompa kitanda. Walichelea kifua. Nani atakilalia kitakaporudi? Msiwalaumu sana, maana nasi tungefanya vivyo hivyo.

Mbao kavu nazo hazikupatikana. Mwaka ule masika yalikuwa hayakatiki, na kila ubao uliouzwa mjini ulikuwa bado unatoka maji. Basi yule mtu aliyewakanya watu miaka yote akalifanya lile lile alilowakanya. Alikwenda nyuma ya kinu akaukata mfenesi wake, mbichi, utomvu ukimganda vidoleni, akachonga kitanda mbio mbio huku akilia.

Siku za mwanzo kilikaa vizuri, na Bi Shumbana akasema Alhamdulillahi. Kisha mti ukaanza kukauka chini yake. Mbao zikajikunja, viungo vikaachana, mguu mmoja ukainuka usiguse sakafu. Mgonjwa akigeuka, kitanda kinayumba. Kikiyumba, vidonda vya mgongo vinasuguka, naye anapiga ukelele. Bwana Shali huweka kigae chini ya mguu ule, na kesho yake mguu mwingine umeinuka. Akawa anashinda sakafuni akikishika kitanda kwa mikono ili kisitikisike. Anaomba, anaomba, mpaka akahisi dua zake hazivuki dari.

Na darini, ndugu zangu, ndiko mtihani ulikokuwa.

Juu ya boriti za chumba kile kile zililazwa mbao za mvule, kavu, zilizonyooka, zisizo na ufa hata mmoja. Hazikuwa zake. Zilikuwa za Batuli, binti wa rafiki yake marehemu Faki, mtoto mdogo aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Faki alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwambia, "Shali, hizi ni kitanda cha harusi cha mwanangu. Wewe ndiye wasii. Zikae mpaka abaleghe." Naye alikubali mbele ya Mungu. Sasa mkewe amelala chali, hana pa kutazama ila kwenye mbao zile, na hata siku moja hakuzitaja.

Aliyezitaja ni shemeji yake, Hija, kaka wa mgonjwa. "Shemeji, dada yangu anaoza mgongo, na mbao zipo kichwani pake! Dharura huhalalisha. Huyo mtoto mpaka aolewe, utakuwa umemtafutia nyingine mara mbili."

"Ni mali ya yatima, Hija."

"Basi nenda kamwombe huyo yatima."

"Mtoto hana idhini. Hata akinipa, hajanipa."

Hija akatoka kwa hasira. Lakini maneno yake yakabaki mle ndani, na mja ni mja. Adhuhuri moja Bi Shumbana alilia kwa maumivu mpaka sauti ikamkauka, akapitiwa na usingizi. Bwana Shali akapanda ngazi, akateremsha ubao mmoja, akaupeleka uani. Akapiga randa mara moja. Ubao ukaimba, na maranda membamba yakajikunja na kuanguka chini, safi, makavu. Moyo ukamruka kwa furaha, Mungu amsamehe.

"Bwana," mkewe akaita kutoka ndani. "Hiyo randa si ya mfenesi."

Mke wa mpenda mbao alikuwa ameisikia randa ile miaka yote ya ndoa yake. Bwana Shali akasema, "Nimepata ubao mkavu."

"Umeupata wapi?"

Angeweza kusema lolote. Ulimi ulikwisha kuinuka, na uongo wenyewe ulikuwa wa huruma. Akaingia chumbani, akapiga magoti. "Ni wa Batuli," akasema, akaangua kilio.

Bi Shumbana naye akalia. Alipopata pumzi alisema, "Mimi naumwa mgongo hapa tu, Bwana, nikifika kule yamekwisha. Wewe wataka yangu yaishe hapa, yako yaanze kule? Urudishe. Kisha nitandikie mkeka chini, sakafu haiyumbi."

Akaurudisha. Akamteremsha mkewe sakafuni kwa mikono yake, akalala kando yake. Msinitarajie niwaambie kwamba maumivu yaliondoka. Hayakuondoka. Subira huvuta heri, twasema, lakini siku zile haikuvuta kitu kilichoonekana kwa macho. Bi Shumbana alifia pale mkekani, baada ya sala ya alfajiri, akiwa ameshikwa mkono.

Hata maziko yalikuwa na mtihani wake. Wachimba kaburi walitaka viunza, mbao za kumfunika maiti katika mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi, na macho ya watu yakapanda darini tena. Bwana Shali akakivuta kile kitanda cha mfenesi uani, akakivunja kwa mikono mitupu, maana viungo vilikwisha kuachia. Hija akamsaidia, analia. Zile mbao hazikukaa sawa hata kaburini. Walizipanga wakazipanga, na nyufa zake wakaziziba kwa udongo. Bwana Shali akasema, "Nisamehe, mke wangu, nilikuharakishia." Kisha akatoka kaburini, na randa hakuigusa kwa miaka mingi.

Miaka ikapita. Batuli akabaleghe, akaposwa. Bwana Shali, mzee sasa, akamwita yeye na bibi yake, akamteremshia mbao zake zote, akamwonyesha mmoja ulioparuzwa na randa. Akamweleza yote, hakuficha. "Hapa nilikudhulumu, mwanangu. Niwie radhi."

Msichana akaupapasa ubao ule, machozi yakimtoka. "Nimekuwia radhi, Baba. Sasa idhini yangu ni idhini?"

"Ndiyo, mwanangu. Sasa ni idhini."

"Basi chukua hizi, mimi mume wangu atanitafutia nyingine. Tengeneza kile kitanda ulichotaka kumtengenezea mkeo."

Mzee akazitazama mbao. "Nimtengenezee nani, Batuli?" akauliza. "Nimlaze nani?" Akalia mbele ya mtoto aliyemtunzia mbao, bila haya.

Lakini alikitengeneza, taratibu, na miguu yake yote minne ikagusa sakafu. Akakitoa wakfu kwa wagonjwa wa kifua, wale ambao hakuna anayewaazima kitu. Kikawa kinahama nyumba kwa nyumba, na watu wakikiita kitanda cha Shumbana. Siku alipougua yeye mwenyewe, wakakileta mpaka mlangoni. Akakikataa. Alitaka atandikiwe mkeka sakafuni, pale pale alipofia mkewe.

Nasi tunazo mbao za yatima darini kwetu, kila mtu na zake, na kila mtu na mgonjwa wake wa kumpa sababu. Mola awalaze wawili wale pasipoyumba, na siku ya mtihani wetu ikifika atupe mtu wa kuisikia randa yetu na kutuambia turudishe.