Doa la Uji Kwenye Kitabu cha Konokono

Paukwa.

Pakawa.

Mwenye masikio yupo?

Yupo.

Na mwenye usingizi?

Amwegemee mwenzake.

Haya, egemeaneni, nami niwasimulie.

Zamani, zamani sana, wanyama wa bonde la mto walikuwa na kitabu kimoja tu. Kilikuwa na picha, na kilisimulia safari ya konokono mdogo aliyetoka kwao kwenda kuitafuta mvua.

Kitabu hicho kilizunguka nyumba kwa nyumba, kama ungo unavyoazimwa. Kila nyumba ilikaa nacho siku saba. Siku ya nane asubuhi kilirudishwa mtoni kwa Bwana Korongo, mtunza kitabu, na wanyama wote walikuja kutazama.

Bwana Korongo alikuwa mweupe, nadhifu, hapendi vumbi. Alifunua ukurasa mmoja mmoja kwa mdomo wake mrefu, akitafuta doa. Asipoliona alisema, "Kimerudi safi," na wenye nyumba wakapigiwa vigelegele. Lakini nyumba ambayo ingekichafua, kitabu kisingeingia tena humo maisha.

Basi kitabu kikafika kwa Mama Ngiri. Mama Ngiri alikifunga kwa khanga mbili, akakitundika darini.

"Mama, tukione," walisema watoto wake.

"Mtakiona kikishuka."

Kikashuka siku ya nane. Bwana Korongo akafunua, akatafuta, akasema, "Kimerudi safi." Vigelegele.

Kitabu kikafika kwa Baba Nyani. Baba Nyani alimkalisha mwanawe kwenye kigoda, akashika fimbo. "Soma. Ukikosea nakuchapa."

Mtoto akasoma herufi kwa herufi huku analia. Baba akawa anamfuta machozi mbio mbio, yasije yakadondokea karatasi.

Siku ya nane Bwana Korongo akafunua, akatafuta, akasema, "Kimerudi safi." Vigelegele.

Kitabu kikafika kwa Mama Digidigi.

Mama Digidigi alikuwa mama kijana mwenye mtoto mmoja, jina lake Tunu. Nyumba yake haikuwa na dari. Shule alisoma kidogo, na maneno marefu yalimpa tabu. Lakini kila mchana, akishabandika maharage jikoni, alitandika mkeka, wakanawa kwato zao, akampakata Tunu na kukifungua kitabu.

Alisoma polepole, ukwato wake ukipita chini ya maneno. Akikwama alisema, "Hili neno limenishinda, mwanangu. Hebu tulisogelee pamoja." Wakalisogelea. Likakubali.

"Kisha?" aliuliza Tunu.

"Kisha maharage yanaungua. Kesho."

Tunu alisema "kisha" akifagia. Alisema "kisha" akiosha vikombe. Na kesho yake mama alipotaka kuendelea mbele, Tunu alimwambia, "Kwanza rudia ukurasa wa jana." Ndiyo maana siku saba zilikwisha ukurasa mmoja ukiwa bado.

"Tutausoma asubuhi kabla hatujakipeleka," mama aliahidi.

Asubuhi akakifungua kitabu. Akaona doa la uji. Akafunua tena, akaona jani la muhogo limebandikwa kwa utomvu. Akafunua tena, akaona ukurasa umekunjwa pembe.

Akaikumbuka sheria ya Bwana Korongo.

"Tunu, ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Jana jioni, ulipokwenda kisimani."

Mama hakumpiga. Akamfunga mkanda wa gauni lake na kumshika mkono. Katika hofu ile ukurasa wa mwisho wakausahau.

Mtoni Bwana Korongo akafunua ukurasa. Akasimama. Manyoya ya shingoni yakamsimama.

"Hii ni nini?"

"Ni uji," alisema Mama Digidigi.

"Mimi nilijua," alisema Mama Ngiri. "Nyumba haina dari, kitabu wangekiweka wapi? Kwenye sufuria?"

Wanyama wakacheka. Bwana Korongo hakucheka. Alisema, "Sheria inajulikana. Kitabu hakitaingia kwako tena, Mama Digidigi. Una neno?"

Mama Digidigi akatazama chini. Tunu akaliona chozi la mama, akasogea mbele.

"Shikamoo, Bwana Korongo."

"Marahaba."

"Uji nilimpa konokono. Ukurasa ule ana njaa, hajala siku mbili."



"Na jani?" aliuliza Bwana Korongo.

"Alilala nje na baridi. Nikamfunika."

"Na hii pembe? Kwa nini umeikunja?"

Tunu akasita. "Hapo pana ndege mwenye mdomo mrefu anataka kumla. Nikamfunika ndege yule asimwone."

Bwana Korongo akauingiza mdomo wake taratibu chini ya bawa.

"Unaweza kuinyima nyumba yetu kitabu," alisema Tunu. "Lakini naomba kitu kimoja. Sisi hatukufika ukurasa wa mwisho. Naomba niambiwe tu, konokono alirudi kwao?"

Bwana Korongo akamgeukia Mama Ngiri. "Mwambie mtoto. Alirudi?"

"Sijui," alisema Mama Ngiri. "Sisi tulikifunga vizuri, hakikufunguka hata mara moja."

Akamgeukia Baba Nyani.

"Mwanangu alikisoma chote," alisema Baba Nyani kwa majivuno. "Haya, mwambie."

Mtoto wa nyani akajikuna. "Nilisoma herufi, baba. Konokono sikumwona. Nilikuwa naitazama fimbo."

Baba Nyani akaificha fimbo nyuma yake.

Wanyama wakatazamana. Kitabu kilikuwa kimelala katika nyumba zao miaka na miaka. Hakuna aliyejua.

"Na wewe, Bwana Korongo?" aliuliza Tunu.

Bwana Korongo akakitazama kitabu. "Mimi," alisema, "nilikuwa natafuta madoa."

Akakifungua kitabu mwisho kabisa, akakiweka juu ya jiwe kavu mbele ya Tunu. "Tusomee."

Tunu akanawa kwato zake mtoni, akajifuta kwa gauni la mama. Akaweka ukwato chini ya neno la kwanza. Akasoma. Watoto wa ngiri wakasogea. Mtoto wa nyani akasogea, akalala kifudifudi apate kuiona picha. Neno moja likamkwamisha Tunu, naye akamwambia mtoto wa nyani, "Hebu tulisogelee pamoja." Likakubali.

Ukurasa ulisema hivi: Mvua ikanyesha. Konokono akafika kwao amelowa, akabisha hodi. Mama yake akafungua, akasema, "Karibu, mwanangu. Sijala. Nilikuwa nakungoja."

Mama Ngiri akapenga kamasi.

"Tena," walisema watoto wote. "Kwanza rudia."

Tangu siku ile Bwana Korongo hatafuti madoa. Siku ya nane asubuhi humwita mtoto wa nyumba, akamwuliza, "Kisha ikawaje?" Mtoto akisimulia, hupigiwa vigelegele. Na nyumba ambayo mtoto wake hana la kusimulia hairukwi. Huongezewa siku saba nyingine.

Lile doa la uji lipo mpaka leo. Watoto wanaofika ukurasa ule hulipapasa kwanza, ndipo wakasoma.

Basi, watoto wangu, na nyinyi akina mama na akina baba mnaosikiliza pembeni: mtoto hakipendi kitabu kilichofungiwa, wala hakipendi kwa fimbo. Hukipenda kwa sababu alipakatwa akasomewa, na moyo wake ukabaki unauliza "kisha". Tunaweni mikono, tuwape vitabu wavishike. Doa dogo si neno.

Hadithi yangu nimeilaza hapa, nimeifunika jani. Atakayeiamsha aiamshe polepole, ampe na mwenzake.