Sifa Kabla ya Mvua

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nyumba, pakawa mvua, pakawa mama na mwanawe. Sogeeni karibu, na wewe mdogo njoo huku mkekani.

Kri, kri, kri. Usiku wa manane, enzi hizo wanyama walipokuwa wakijenga nyumba. Digidigi akaamka, akasikiliza. Kri, kri, juu ya kichwa. Mchwa. Mchwa wanatafuna boriti, na chini ya boriti amelala Siwema, mwanawe wa siku tisa, na masika yanakaribia. Digidigi hakulala tena. Akamkumbatia mwanawe, akatazama juu, akatazama juu, mpaka kulipokucha.

Asubuhi akamwendea Mnana, yule ndege mfumaji, fundi wa kuezeka.

"Fundi, niezekee upesi."

"Kwanza nyasi zikauke, mama. Kisha nisokote kamba za makumbi ya nazi. Nipe wiki tatu."

"Wiki tatu? Mvua si itanikuta nje?"

"Kaa kwa ndugu yako kwa muda. Paa siwezi kulikimbiza."

Digidigi akaondoka amenuna. Njiani akakutana na Ngedere, mzigo begani, mluzi mdomoni.

"Shemeji, mbona macho mekundu?"

"Shemeji tangu lini? Paa langu limeliwa na mchwa."

"Siku mbili tu, limekwisha. Kamuulize Kanga, nyumba yake niliezeka mimi. Mji mzima ulisikia alivyonisifu."

Na kweli, mji mzima ulisikia. Maana mji ule ulikuwa na desturi: paa likiisha leo, leo hiyo hiyo mwenye nyumba anapika, anaalika watu, anasimama uani, anamsifu fundi kwa sauti. Mvua haijanyesha, sifa imeshatoka. Na ikishatoka hairudishwi. Anayeirudisha anachekwa mpaka anazeeka.

Digidigi mbio mpaka kwa Kanga. Akamkuta anafagia, peke yake, uwanja mtupu, mlango umefungwa, hakuna kifaranga hata mmoja. Hakuuliza wako wapi. Haraka ile, jamani.

"Dada Kanga, Ngedere ni fundi wa kweli?"

Fya, fya, fya. Kanga hakuinua kichwa.

"Nilimsifu. Si ulisikia?"

"Nilisikia. Lakini paa likoje?"

"Nilimsifu," akasema Kanga, akafagia pale pale alipokwisha kufagia.

Neno hilo likamtosha Digidigi. Hakuomba hata kuingia ndani atazame juu.

Ngedere akaja. Pu, pa, pu, pa. Siku mbili, nyasi ziko juu, zimechanwa vizuri kama nywele za harusi. Lakini zilikuwa mbichi, nzito. Na fito alizifunga kwa maganda ya mgomba, makavu, yasiyovumilia maji. Digidigi aliyaona.

"Fundi, hizi kamba si za mgomba?"

"Shemeji, kumbe na wewe ni fundi? Haya panda, mimi nishuke nikapike."

Wageni walikuwa wameshaanza kufika. Wakacheka. Digidigi akaona haya. Akapakua kunde, akasimama uani, akasifu.

Siku ya nne mvua. Ta. Ta, ta. Tatatata. Nyasi zikanywa maji, zikazidi uzito, maganda yakalainika, yakaanza kuteleza. Digidigi alikuwa ametoka kuweka mtungi mlangoni, hatua tatu, hatua tatu tu. Puu! Paa lote likalala chini.

Alichimba kwa kwato. Alichimba, alichimba. Alipomfikia Siwema, Siwema alikuwa wa baridi.

Watu wakazika. Ngedere naye alikuja, akalia kuliko wote. "Upepo ule, jamani. Upepo ule." Watu wakaitikia, upepo ule, wakaenda zao. Akabaki Kanga. Akakaa matopeni karibu na Digidigi.

"Wangu walikuwa sita," akasema. "Mvua za vuli. Niliwafukia mwenyewe, paa nikalitegemeza kwa nguzo, watu nikawaambia watoto wako kwa bibi yao."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nilikuja mpaka uani kwako, Kanga. Nikakuuliza."

"Ningesemaje, na nilishamsifu? Na wewe ulimsifu majuzi, kila mtu alisikia. Ukisema lako, watauliza langu. Watasema tuliwaua wenyewe. Nakuomba, mdogo wangu."

Ng'ambo ya bonde mluzi ukasikika. Ngedere alikuwa anapima nyumba ya Swala, na Swala alikuwa na mimba kubwa. Mara Swala akaonekana anapandisha njia, polepole, mkono wa rambirambi umefungwa kwenye jani, na swali mdomoni: ni paa, au ni upepo?

Sikieni basi, wakubwa na wadogo. Kabla hujampa mtu paa lako, ingia katika nyumba aliyoezeka, nyumba iliyokwisha kunyeshewa, tazama juu, vuta kamba kwa mkono wako. Sifa za uani ziache uani. Na ukiumizwa, sema, hata wakikucheka, maana kuna mwenzako anakuja kuuliza.

Hadithi yangu inaishia hapa matopeni, kwa kuwa Digidigi hakusema. Alimtazama Swala akikaribia, akamshika Kanga bawa, akamwambia taratibu, "Sitamwambia mtu yeyote."