Kibuyu Kilichoizunguka Igolwa

Ukifika nusu ya duara, kwenu ni mbele.

Mzee Mwaisumo aliyasema hayo huku akimenya kiazi cha moto, akimwelekea mjukuu wake Tumpe, ambaye alikuwa ametoka kutangaza kwamba harudi tena chuo cha uuguzi. Alikuwa amesoma nusu, imebaki nusu, na amechoka. Vijana wenzake, waliokuwa wametoka naye kuvuna viazi, wakamuuliza mzee ni duara gani hilo, na nani aliyewahi kulifikia nusu. Mzee akakipuliza kiazi chake. Maneno haya yana mwenyewe, akasema, na chimbuko lake ni hili.

Zamani, baiskeli zilipokuwa chache hata kila moja ikijulikana kwa mlio wake, barabara ya changarawe iliuzunguka uwanda wa Igolwa kama mkanda unavyozunguka kiuno. Ilianzia sokoni, ikapita mashamba ya pareto, ikapanda nyikani kwenye baridi, mahali pasipoota mti, ila vichaka vya kufika magotini na maua ya kila rangi. Kisha ilishuka upande wa pili, ikapita kwenye ngano na viazi, ikarudi palepale sokoni. Katikati ya uwanda palikuwa na matope yasiyopitika.

Ajabu ni kwamba hapakuwa na mtu aliyewahi kuizunguka. Watu waliihesabu kuwa njia mbili, ya kulia na ya kushoto, na kila aliyekwenda kwa moja alirudi kwa hiyohiyo.

Sababu ilikuwa kibuyu. Kwa desturi ya Igolwa, msafiri hapiti nyumba ya kwanza ya safari yake bila kupewa togwa. Hupewa ndani ya kibuyu, akaondoka nacho, akanywa njiani, na akirudi hukikabidhi kwa mkono wake mwenyewe kabla hajatia mguu alikoanzia safari. Kukikataa ni dharau. Kumaliza safari nacho ni wizi, tena wizi wa kusemwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo kila mtu alirudi alikotokea, kibuyu mkononi, na kichwani mwake barabara ikabaki mbili.

Kijiji kilichoumia ni Ndulilo, nyuma kabisa ya nyika, mkabala na soko. Mpeleka dawa wa kulia alisema Ndulilo ni ya kushoto. Wa kushoto alisema ni ya kulia.

Subilaga alizaliwa huko. Alikuwa binti aliyekuja upande wa sokoni kumsaidia nesi wa zahanati, akifagia na kuchemsha sindano. Mdogo wake wa kike, Lwitiko, alikuwa amebaki Ndulilo na mguu mmoja uliolemaa kwa ugonjwa ambao chanjo yake ilikuwepo zahanatini muda wote. Subilaga alilipangusa kabati lile kila asubuhi, na kila asubuhi lilimchoma moyo.

Siku ushirika wa pareto uliponunua baiskeli mpya ya kupelekea dawa, wote walijua itakwenda kwa Ambokile, kijana mwenye miguu ya chuma, aliyepanda vilima huku akiimba. Subilaga akasimama katikati ya mkutano.

"Mtu mmoja anaweza kuvifikia vijiji vyote kwa siku moja," alisema. "Asigeuze tu njiani."

"Na kibuyu cha watu atakila?" sauti ikatoka nyuma, watu wakacheka.

Mwenyekiti, Mzee Mwasenga, hakucheka. Aliligonga kwa fimbo jiwe kubwa lililokuwa mbele ya soko. "Binti, kesho zunguka. Ambokile atakwenda nawe awe shahidi. Ukisimama juu ya jiwe hili kabla jua halijagusa mlima, baiskeli ni yako. Jua likitangulia, ni ya Ambokile, na habari za Ndulilo tusizisikie tena kwenye mkutano huu."

Kesho yake wakaondoka kwa baiskeli mbili kuukuu za kuazima. Nyumba ya kwanza, chini ya mteremko wa soko, ilikuwa ya Bibi Sekela, naye alikuwa amekwisha kusimama kando ya barabara na kibuyu.

"Chukua, mwanangu. Wanasema unakwenda kuizunguka dunia."

"Igolwa tu, bibi."

"Basi hiyohiyo. Kibuyu changu lakini nakitaka."

Subilaga alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwenye usukani, wakaenda. Changarawe ilikuwa inaimba chini ya magurudumu. Pareto nyeupe ilipita kulia na kushoto, kisha ikaisha, na nyika ikafunguka mbele yao, pana, yenye upepo, maua ya manjano na ya zambarau yakiinama wanapopita kana kwamba yanawaamkia. Subilaga alipumua baridi ile mpaka machozi yakamtoka, na hakujua kama ni upepo au ni furaha. Kwenye mteremko, breki zilikuwa kandambili chakavu iliyokandamizwa kwa kisigino juu ya tairi la nyuma. Ilinuka mpira ulioungua. Ambokile, aliyeapa kutosema neno, alipiga ukelele kama mtoto.

Walipoingia Ndulilo, watu waliacha majembe. Haikuwahi kutokea baiskeli ifike pale. Na hapohapo, mbele ya macho ya kijiji chake, jiwe kali likalipasua tairi la nyuma la Subilaga.

Hapakuwa na gundi wala kiraka. Subilaga aliutoa mpira wa ndani, akaanza kung'oa majani makavu ya nyikani na kuyashindilia ndani ya tairi. Ambokile alilitazama jua.

"Dada, tugeuze," alisema kwa upole. "Njia tuliyokuja tunaijua. Huko mbele hatujui lolote, na tairi lako limekuwa godoro. Halafu kuna kibuyu cha bibi wa watu. Ukiendelea mbele unakipeleka wapi?"

Subilaga alizidi kushindilia majani. Akiendelea na kushindwa, angeipoteza baiskeli na jina pia. Mama yake angeitwa mama wa mwizi wa kibuyu. Lwitiko alikuwa amejikongoja mpaka pale, ameegemea fimbo yake, akakishika kibuyu kwenye usukani na kukitikisa.

"Dada, sasa unakwenda au unarudi?"

Ni swali la mtoto, lakini Subilaga aliacha kushindilia majani. Alitazama walikotoka, akatazama wanakokwenda. Pande zote mbili barabara iliishia kwenye ukungu, nyeupe ileile.

"Ambokile, kutoka hapa kwenda sokoni kwa tulikotoka, ni mbali kiasi gani?"

"Si umeona mwenyewe. Ni kule kote tulikokuja."

"Na kwa mbele?"

Ambokile alichora duara hewani kwa kidole. "Kama ni duara kweli..." akasema, "basi ni vilevile."

"Tukigeuza, tunachoka sawasawa na tukiendelea, ila tutakuwa hatujafanya kitu."

"Na kibuyu?"

"Bibi Sekela hajahama. Nyumba yake iko kwenye barabara hii hii." Alilipiga tairi ngumi, likakubali. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Narudi, Lwitiko. Ukifika nusu ya duara, kwenu ni mbele."

Wakaondoka. Tairi la majani liliruka kwenye kila kokoto kama punda mkaidi, na Subilaga alihisi kila pigo mgongoni. Lakini kila kijiji walichokipita kilikuwa kipya kwao, na kila kijiji kiliuliza wametokea wapi, na wakijibu "sokoni," watu walitazamana, kwa maana soko lilikuwa mbele yao. Ambokile aliusahau ushahidi wake. Kwenye vilima alishuka akaisukuma baiskeli ya Subilaga pamoja na yake.

Kisha wakayaona mabati ya soko, kutoka upande ambao hawakuwahi kuyaona wakirejea. Jua lilikuwa juu ya mlima, kiasi cha kiganja. Umati ulipiga vigelegele. Kando ya jiwe ilisimama baiskeli mpya, fremu yake bado imefungwa makaratasi.

"Shuka," Ambokile alimhimiza. "Panda jiwe, jua bado."

Subilaga alikitazama kibuyu. Alilitazama jiwe. Kisha akakanyaga pedali, akalipita.

Vigelegele vilikatika. Wengine walidhani kandambili imeshindwa kazi. Walimwona akiteremka mteremko mpaka nyumba ya kwanza, akashuka, akapiga goti, akanyoosha mikono miwili. Alipokigeukia kilima cha kurudi sokoni, tairi lilikuwa limetapika majani yake yote. Alipanda akisukuma. Alipoweka mguu juu ya jiwe, jua lilikuwa limegusa mlima.

"Jua limetangulia," alisema Mzee Mwasenga, na sauti yake haikuwa na furaha.

Ambokile akaishika baiskeli mpya. Watu wakampisha, maana ilikuwa yake. Akaikokota mpaka kwenye jiwe na kuuweka usukani mikononi mwa Subilaga.

"Alipita hapa jua likiwa juu, wote mmeona," alisema. "Mlitaka asimame na kibuyu cha watu?"

"Mimi nataka kujua jambo moja," alisema mwenyekiti. "Tairi lilipasuka Ndulilo, nimeambiwa. Kwa nini hamkugeuza?"

"Niliuliza hivyohivyo, mzee. Akamwambia mdogo wake, ukifika nusu ya duara, kwenu ni mbele."

Bibi Sekela alikuwa amefika akihema, kibuyu juu ya kichwa chake. "Mwasenga, hiki kiliondoka kwangu kinatazama nyikani. Hakikugeuza uso hata mara moja, na leo kiko nyumbani. Mnangoja jua gani tena?"

Mwenyekiti alikipokea kibuyu, akakizungusha mikononi polepole. Kisha akaanza kuyabandua makaratasi kwenye fremu yeye mwenyewe.

Tangu hapo vibuyu vya Igolwa vikaruhusiwa kuzunguka, na barabara ikawa moja.

Mzee Mwaisumo aliimaliza hadithi hapo. Kiazi chake kilikuwa kimepoa.

"Na Lwitiko?" Tumpe aliuliza. "Mguu wake ulipona?"

"Haukupona. Chanjo ilikuwa imemchelewea." Mzee alifuta mikono yake. "Lakini watoto wote waliozaliwa Ndulilo baada yake waliikimbilia ile baiskeli kila ilipoingia kijijini. Walikimbia kwa miguu miwili, na Lwitiko aliketi mlangoni akiwahesabia mbio."

Tumpe aliinuka. Kisha akasogeza kikapu, akaanza kuchagua viazi vizuri vya kwenda navyo chuoni.

"Babu, sema tena ule msemo."

"Useme wewe," mzee alijibu.

"Ukifika nusu ya duara," alisema Tumpe, "kwenu ni mbele."