Fundi wa Majeneza na Wanawe Wanong'onaji

Wapendwa, wekeni chini vitabu vya nyimbo, nina fundi wa kuwaonyesha. Fundi wa majeneza, tena si wa kubahatisha. Hakushika futi kabisa. Alikutazama mara moja ukipita, basi, siku ukifa jeneza linakukaa kama shati la mshonaji. Watu walikuwa wanavuka barabara ili wasipimwe kwa macho. Bisheni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa majeneza hayo akalea watoto wawili, wa kiume na wa kike. Walipokuwa wadogo, wakicheza kombolela, walijificha humo humo ndani ya majeneza.

Sasa mapafu ya fundi yakachoka. Akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, barakoa ya oksijeni usoni. Daktari akawaita wanawe kwenye korido.

"Pumzi inamwishia," akasema. "Tukimwekea mpira kooni, mashine itampumulia, ila hataweza kusema, na sidhani kama atakuja kutoka kwenye mashine hiyo. Tusipomwekea, tutampa dawa asikabwe, aende kwa utulivu. Mwenyewe anasemaje?"

"Mzee asijue," kaka akanong'ona. "Ukimtajia mgonjwa kifo unamchuria. Wekeni huo mpira."

"Na kama mwenyewe hautaki?" dada akauliza.

"Unataka nirudi nyumbani niitwe mtoto aliyemkatia baba yake pumzi?"

"Kaka, wewe unaogopa midomo ya watu. Anayekabwa ni baba."

"Haya, ingia umwambie wewe."

Dada naye akarudi nyuma, mbali na mlango.

Mnacheka? Watoto walioshiba kwa jeneza tangu meno ya kwanza, neno kifo linawakaba! Na sisi je? Nani hapa hajawahi kusimama kwenye korido kama ile, akimnong'onea shangazi, "Asijue"?

Daktari akawaambia, "Mpira ukishaingia, hamtamsikia tena. Kama kuna la kumwuliza, ni mchana huu."

Wakaingia, daktari nyuma yao. Dada akakaa kitandani, akamshika baba mkono, akamweleza yote, neno kwa neno kama alivyosema daktari. Kaka amesimama mlangoni, anasubiri mzee azirai.

Mzee akasogeza barakoa pembeni.

"Kumbe ni hilo," akasema. "Nawaona mnanong'ona nje, mkiingia mnanionyesha meno. Nikajua wanangu wamenichoka. Ndiyo maana nalala nimegeukia ukuta."

Sikilizeni hapo, wapendwa. Walidhani wanamficha kifo. Walichomficha ni upendo wao.

"Usiniwekee mpira, daktari," mzee akaendelea. "Hii pumzi iliyobaki nataka kuitumia kuongea nanyi. Na jeneza langu asipewe yule fundi wa sokoni, misumari yake inatokeza nje."

"Nitalitengeneza mimi, baba," kaka akasema, machozi yanamtiririka.

"Wewe? Wewe uliyetengeneza kigoda, mama yako akakikalia akaangukia kwenye sufuria ya maharage?"

Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha, akakuta mzee mwenyewe ndiye kinara. Mchana wote akawa anamfundisha kijana kupiga randa hewani. Binti akaambiwa jambo alilolisubiri maisha yake yote: kwamba mama yake, siku ya kufa, alimwombea yeye kwa jina. Mzee alikuwa amelifungia moyoni kwa kuogopa kumliza.

Akafariki wiki ile, mkono mmoja kwa kijana, mwingine kwa binti. Hakukabwa. Na msibani hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Kwa nini uliamua vile?" Mwenye mwili aliamua, wote wawili walisikia.

Sasa sisi. Ufufuo tunauimba Jumapili kwa sauti nne. Jumatatu, kitandani kwa mgonjwa, mauti hatuthubutu kuyataja. Tunamwambia "utapona, utapona", hata yeye hapati nafasi ya kusema anaogopa nini. Hiyo ni imani, au ni woga uliovaa kanzu ya kwaya?

Tusingoje korido. Mzee wa kanisa, wewe unayetikisa kichwa hapo mbele, leo ukishakula wali wako, mgeukie mama watoto umwambie: "Nikifika pale ambapo siwezi kusema, nifanyieni hivi." Atakuambia unajichuria. Mwambie ni mimi, mchungaji wenu, niliyekutuma. Halafu umwulize na yeye anataka nini, ufunge mdomo, na usiinuke mezani mpaka amalize.