Uji wa Matumbo ya Kioo

Asiyelinganisha uji asilinganishe matumbo.

Wawili wenu mmegombana asubuhi hii kuhusu vipimo, na badala ya kuamuliwa mkatupiwa methali hii. Sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, vuteni viti, chai ingali moto. Imetoka kwa wanawake wawili na matumbo mawili ya kioo.

Tumbo la kioo ni chupa pana iliyofungwa hewa isipenye, yenye joto kama la mwili. Ndani yake huwekwa vijidudu vya tumboni mwa binadamu, vile visivyoonekana kwa macho, navyo hulishwa, huzaana na kufa kama vilivyokuwa vikiishi ndani ya mtu. Hivyo mtafiti huyaona mambo ya tumboni bila kumpasua mja wa Mungu.

Mghoi alikuwa na lake huko Wundanyi, kwenye vilima vya Taita, mahali ambapo ukungu huingia dirishani bila kupiga hodi. Alilipenda tumbo lile. Mchana alikaa mbele yake akitazama mapovu yakipanda polepole, moja, halafu jingine, mpaka kope zikamlegea akajiona anatembea humo ndani, kandokando ya mto wa maji vuguvugu, na viumbe vidogo vikimpisha njia. Akizinduka hakujua kama alisinzia kitambo au kutwa nzima.

Mwenzake Nyaguthii, aliyesoma naye chuo kimoja na kula naye sahani moja, alikuwa na tumbo kama hilo kule Nyeri. Wote wawili walikuwa wakijaribu kijidudu kimoja chema, kilichotarajiwa kuwa dawa ya watoto ambao kuhara kumewavuruga matumbo. Walikubaliana juu ya kila kitu: chupa za namna moja, joto moja, vijidudu kutoka kwa watu walewale, na chakula kimoja, uji wa wimbi. Matumbo yote mawili yakitoa jibu moja, dawa ingepelekwa hospitalini. Yakipingana, kazi ingefungwa.

Yakapingana. Nyeri kijidudu kile kilistawi, Wundanyi kikafa. Wakarudia, na mambo yakawa yaleyale. Mghoi aliposikia kwamba wakubwa wa mradi wameanza kuzungumzia kufunga, aliwafikiria wale watoto, uchungu ukampanda kichwani. Katika mkutano wa simu, watu wote wakisikia, akasema, "Nyaguthii amepika matokeo."

Nyaguthii akajibu, "Njoo uone."

Mghoi akafunga safari, naye amejiandaa kwa vita. Njia nzima alisinzia na kuamka, na kila alipofumba macho aliyaona mapovu. Alifika Nyeri asubuhi yenye baridi kali, mlima umejifunika mawingu. Nyaguthii hakugombana naye. Alimpeleka nyumbani kwake, hatua chache kutoka maabara, akamkalisha jikoni na kumtilia kikombe cha uji, kwa maana mgeni ni mgeni hata akija na matusi mdomoni.

Mghoi alipiga funda moja, akakunja uso.

"Nyaguthii, uji huu umeharibika."

"Umeharibika vipi?"

"Umechacha!"

Nyaguthii akaangua kicheko, ingawa macho yake hayakucheka. "Sasa ulitaka usichache? Unga unalowekwa mpaka uchachuke, ndipo unapikwa. Huo mwingine ni wa wagonjwa."

"Kwetu unakorogwa na kupikwa papo hapo. Mama angeuonja huu angewamwagia kuku."

Miaka ile yote ya chuoni walikuwa wakinywa chai. Hakuna aliyewahi kuuonja uji wa mwenzake. Mghoi akabaki ameshika kikombe, mvuke ukimpanda usoni.

"Na lile tumbo," akauliza taratibu, "unalilisha uji gani?"

"Huuhuu. Sufuria ni moja, ya nyumba na ya maabara."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe uliniambia kwamba wako hauchachi?" Nyaguthii akaketi, sauti imeshuka. "Matokeo sikuyapika, mwenzangu. Nilichopika ni uji."

Mghoi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Siku hiyohiyo wakapika uji wa aina zote mbili, wakatenga tumbo la pili la kioo pale maabara, wakayalisha yote mawili, kila moja na wake, kisha wakakaa bega kwa bega wakitazama mapovu. Palipokwenda uji mchachu, kijidudu kikaishi. Palipokwenda ule mwingine, kikafa. Kumbe uchachu ule ndio uliokuwa ukikilisha.

Wakubwa wa mradi wakaitwa tena kwenye simu. Mghoi aliomba kusema wa kwanza. "Nilimwita Nyaguthii mwongo mbele yenu," akasema, "na mbele yenu namwomba radhi. Hakudanganya. Dawa inafaa, mradi mtoto apewe pamoja na uji mchachu."

Mmoja wao, mtu asiyependa maelezo marefu, akauliza, "Basi tuamini tumbo lipi? La Nyeri au la Wundanyi?"

"Yote mawili yalisema kweli," Mghoi akajibu. "Sisi ndio tuliokosea. Asiyelinganisha uji asilinganishe matumbo."